Masahihisho: Ozzy sikumwona, kiatu nilipoteza kweli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nijisahihishe mwenyewe kabla sijasahihishwa na wengine, maana nasikia wapo waliokwisha kunoa kalamu.

Mwezi Agosti mlinichapishia barua niliyoiandika niliposikia kwamba Ozzy Osbourne, mwimbaji wa Black Sabbath, lile kundi la Waingereza la muziki mzito wa hevi metali, amefariki tarehe 22 Julai 2025 akiwa na miaka 76. Humo nilijigamba kwamba mimi, mzee wa Tororo, nilimwona mtu yule kwa macho yangu mawili mjini Moscow mwaka 1991, theluji ikianguka; kwamba tiketi niliinunua kwa rubli kumi nilizokuwa nimezibana mwezi mzima; na kwamba baada yake walipanda kundi la Metallica wakafunga kazi usiku wa manane. Mlinipa kichwa cha habari kizuri. Nilikikata kipande kile nikakibandika ukutani, juu ya redio, na kila mgeni aliyeingia nilihakikisha anakaa kwenye kiti kinachokitazama.

Sasa naandika kusema: Ozzy hakuwepo. Theluji haikuwepo. Tiketi haikuwepo. Metallica hawakufunga. Mimi nilikuwepo, hilo silitoi, ingawa hata hapo shahidi wangu ni mmoja tu, naye ni kiatu.

Aliyenifumania ni mpwa wangu, kijana anayetengeneza simu kwenye paki ya teksi hapa mjini. Alikuja Jumapili moja kunisalimia, akakisoma kile kipande akiwa amesimama, soda mkononi, akaniambia, "Mjomba, siku kubwa hivi haiwezi kukosekana. Hebu tuitafute." Akanunua bando, tukakaa barazani tukiutazama Mwamba wa Tororo, na kabla sijamaliza kufuta miwani alikuwa ameshaipata. Mhariri, nilishtuka. Miaka 34 nimeibeba siku ile kichwani kama mtoto wa shule anayekimbia na yai kwenye kijiko, kumbe imelala tu humo ndani ya simu, ina rangi zake na sauti yake, na mtu yeyote mwenye bando anaibonyeza.

Tulianza na theluji. "Iko wapi, mjomba?" Nikamwambia subiri. Tukasubiri. Watu kama nyasi, mpaka jicho linachoka, bendera, askari wamejipanga, helikopta inapita juu ya vichwa. Theluji hakuna hata chembe. Na tarehe imeandikwa: 28 Septemba 1991, uwanja wa ndege wa Tushino. Septemba! Mimi niliyekaa nchi ile miaka sita nilipaswa kujua kwamba Septemba yao ni ya sweta na mvua za rasharasha.

Kisha Metallica. Hao hapo jukwaani, mchana kweupe. Waliokuja gizani wakafunga ni kundi jingine, AC/DC. Na tiketi je? Onyesho lilikuwa la bure. Lilitangazwa kuwa zawadi kwa vijana wa kule, kwa vile walivyosimama mbele ya vifaru mwezi mmoja kabla, kati ya tarehe 19 na 21 Agosti, wakubwa wa serikali walipojaribu kumpindua Gorbachev, rais wa Umoja wa Kisovieti. Hakuna aliyelipa hata kopeki moja. Hizo rubli zangu kumi nilimpa nani?

"Na Ozzy, mjomba?" Orodha ilikuwa fupi: AC/DC, Metallica, Pantera, The Black Crowes, na kundi moja la Warusi wenyewe liitwalo E.S.T. Nikajaribu kusema labda alipita mapema akaondoka. Kijana akanitazama vile anavyomtazama mteja anayeapa kwamba simu yake haijaingia maji.

Alipekua tena, akampata. Ozzy aliimba Moscow, ndiyo, lakini tarehe 12 na 13 Agosti 1989, Uwanja wa Lenin pale Luzhniki, pamoja na Bon Jovi, Scorpions na Mötley Crüe. Agosti 1989 mimi sikuwa mjini. Nilikuwa mashambani na kikosi cha wanafunzi, tukijenga zizi la ng'ombe ili tupate fedha za koti la baridi. Hilo silikumbuki kwa kichwa, nalikumbuka kwa mgongo.

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nikampigia simu rafiki yangu wa Tanga niliyekaa naye chumba kimoja bwenini, sasa ni mzee wa watu, ana wajukuu. Tukasalimiana zile salamu ndefu, nyumba hadi nyumba, mpaka nikapata upenyo. "Bwana wee, mwaka 91 tulipokwenda Tushino, Ozzy alipanda saa ngapi?" Kimya. Halafu kicheko kilichonifanya niitoe simu sikioni.

"Wewe Mganda wewe! Ozzy nilimwona mimi, Luzhniki. Wewe ulikuwa unapiga plasta zizi. Na huko Tushino sikwenda kabisa, nilikuwa kitandani na homa. Ulikwenda mwenyewe, ukarudi saa saba ya usiku na kiatu kimoja, nikakuchemshia chai."

Hapo ndipo nilipokaa chini. Hayo mengine ya theluji na tiketi ningeyameza. Lakini katika picha iliyomo kichwani mwangu, yule Mtanga yuko kulia kwangu kutwa nzima, amevaa sweta ya kijani. Kumbe alikuwa bwenini na kitambaa cha maji kwenye paji la uso.

Nimekaa wiki mbili nikifuatilia kila uongo mpaka nyumbani kwao, kama mtu anayerudisha mbuzi wa watu.

Ozzy alikuwa rahisi. Mtanga alirudi kutoka Luzhniki amepagawa, na majira yote ya baridi ya mwaka ule alituigizia. Bweni letu lilikuwa mtaa wa Miklukho-Maklay, kusini-magharibi mwa jiji, kwenye chuo kikuu kilichoitwa wakati ule kwa jina la Patrice Lumumba. Usiku, taa za ukumbini zimezimwa, bwana yule alipanda juu ya kitanda cha chuma, amejifunga shuka la chuo begani, kijiko cha supu mkononi ndicho kipaza sauti, akinyanyua mikono na kupiga makofi juu ya kichwa, akiruka kichurachura mpaka springi zinalia na jirani wa chini anagonga dari kwa mti wa ufagio. Ozzy niliyemwona mimi ndiye huyo: mtu wa Tanga, mwembamba, soksi za sufu miguuni. Nilimwona vizuri sana, tena bila mtu kunizuia mbele. Ndiyo maana picha yake ni safi kuliko zote, na ningekuwa na akili ningeshuku zamani, kwa sababu yale niliyoyaona kweli siku ile hayana usafi wowote.

Theluji naamini ni ya Desemba. Jioni ya tarehe 25 Desemba 1991 Gorbachev alijiuzulu na bendera nyekundu ikateremshwa Kremlin. Mimi sikuwa nikitazama bendera. Nilikuwa nimepanga foleni ya mkate, theluji ikinijaa kwenye kola, bibi mmoja mbele yangu akilia kimya kimya bila kuacha foleni. Siku mbili kubwa za mwaka mmoja. Theluji ya moja imevuja ikaingia katika nyingine. Zile rubli kumi sijazipata mpaka leo. Mke wangu anasema si ajabu, kutojua fedha zilikokwenda ndiyo kawaida yangu.

Na chungu cha malwa kina sehemu yake katika kesi hii. Wasomaji wa mbali wasioijua malwa: ni pombe ya ulezi, huku kwetu watu huketi duara, kila mmoja na mrija wake mrefu, mirija yote ndani ya chungu kimoja, na maneno huzunguka humo humo. Mara ya kwanza nilisema ukweli mtupu: "Rafiki yangu alimwona Ozzy." Mtu akauliza, "Na wewe je?" Kuna swali linalomtesa mtu aliyesoma ng'ambo kuliko hilo? Sikumbuki ni mwaka gani nilijibu "Na mimi pia." Nikishasema hivyo mara moja, mara ya pili sikuhitaji hata kuvuta mrija kwanza.

Basi, baada ya kurudisha mbuzi wa wenyewe, kilichobaki zizini ni changu. Ni kidogo. Nakiandika hapa kama kilivyo, na mpwa wangu amekaa pembeni.

Baba yangu alikuwa mtu wa reli, Reli ya Afrika Mashariki, hadi Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977. Tulikulia nyumba za reli, watoto wa Wajaluo, Wakamba, Wateso na Wapadhola katika uwanja mmoja wa vumbi, na Kiswahili ndicho kilichotuunganisha. Kiswahili cha kupigia kelele, hakikuwa na ngeli. Kampala walikidharau, wakisema ni lugha ya askari na wezi. Mwaka 1988 nilipata ufadhili wa kwenda kusomea uhandisi mitambo, na ajabu ni kwamba Kiswahili nilikwenda kufundishwa Moscow. Siku ya kwanza nilimwambia yule Mtanga, "Mimi naenda kwa duka." Akanitazama, akauliza, "Duka ni nani, shangazi yako?" Tangu siku ile naenda dukani.

Ijumaa ile ya Septemba, Mrusi mmoja wa darasani kwetu alinijia akaniambia kesho kutakuwa na *metallisty* Tushino, njoo. Katika Kirusi neno hilo ni fundi wa chuma, na ni mshabiki wa muziki wa metali vilevile, herufi kwa herufi. Kharkov walikuwa hata na timu ya mpira yenye jina hilo. Mtanga wangu siku zote aliuita muziki ule "roki". Mimi mwanafunzi wa mitambo nikadhani ni maonyesho ya mashine za kukereza vyuma. Na Tushino ni uwanja ambao Wasovieti walikuwa wakionyeshea ndege zao, kwa hiyo haikunishangaza. Nikapiga viatu rangi. Nikachukua daftari. Nilikwenda kwenye onyesho kubwa la hevi metali nimevaa viatu vya ngozi vinavyong'aa, daftari la mistari kwapani, kalamu mbili mfukoni, moja ya akiba.

Ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi kulikuwa na vipindi. Nilitoroka somo la uimara wa vifaa, na mwalimu wake hakunisamehe mpaka mwaka ukaisha. Nauli ya metro ilikuwa kopeki 15. Hili nalijua barabara, kwa sababu hadi Machi ya mwaka ule ilikuwa kopeki 5, na sisi wanafunzi tulilalamikia kopeki kumi zile kuliko tulivyolalamikia mapinduzi. Nilipanda Yugo-Zapadnaya, nikabadilisha treni Lubyanka. Juu yetu, kwenye ule uwanja, kulikuwa kumebaki jiwe la msingi peke yake. Sanamu ya Dzerzhinsky, aliyeanzisha polisi wa siri wa Kisovieti, ilikuwa imeng'olewa kwa kreni mwezi uliotangulia.

Baada ya kubadilisha ndipo nilipoanza kuwa na wasiwasi kuhusu mashine za kukereza. Behewa lilijaa vijana wa nywele ndefu, jaketi za ngozi na za jinzi zilizopigwa misumari, harufu ya bia na vitunguu saumu. Mmoja alilitazama daftari langu, akaniuliza kama mimi ni mwandishi wa habari. Nikasema ndiyo. Uongo huo, naona, ndio uliozaa mingine.

Kituo cha Tushinskaya sikutoka, nilitolewa. Tangu hapo mpaka usiku sikuchagua pa kukanyaga. Watu walikuwa wangapi? Makadirio yametupana mbali: wengine husema nusu milioni, wengine milioni moja na laki sita. Mimi naweza kuwasaidia na idadi ya watu niliowaona kwa hakika: mmoja, tena mgongo wake.

Mimi ni mfupi, Mhariri. Mbele yangu alisimama Mrusi mpana kama mlango wa ghala, na kwa saa nyingi za muziki mgongo wake ndio uliokuwa jukwaa langu. Jaketi la jinzi, buluu iliyopauka. Mgongoni alikuwa amechora kwa mkono, kwa rangi ya mafuta, fuvu lenye mabawa. Bawa la kushoto lilikuwa zuri, manyoya yamepangika moja moja, unaona mtu alikaa nalo jioni nyingi. La kulia lilifanywa haraka, nadhani rangi ilikuwa inakwisha, manyoya yakawa mistari tu. Kati ya meno ya fuvu rangi ilikuwa imepasuka kwa kukunjwa, na kila mpigo wa ngoma ulipotoka kwenye spika mipasuko ile ilifunguka na kufunga, fuvu likawa kama linatafuna. Kwapani mshono ulikuwa umefumuka, umeshonwa tena kwa uzi mwekundu, mishono midogo, nadhifu, ya mama. Nikifumba macho leo naweza kukuchorea. Nyuso za Metallica siwezi.

Sauti yenyewe sikuisikia kwa masikio. Ilipita kifuani. Mtu aliyewahi kusimama kando ya reli treni ya mizigo ikipita anajua: kwanza nyayo, kisha mbavu, kisha meno. Nilitaka kuchukia, nikashindwa. Mtoto wa nyumba za reli hawezi kuchukia kitu kinachotikisa ardhi hivyo.

Kulikuwa na vurugu, na hizo mpwa wangu amezithibitisha: chupa zikiruka, askari wakiingia umatini na virungu, watu wenye damu. Lakini nilichokiona mimi kwa karibu ni kuruta mmoja, mtoto kabisa, masikio yametokeza chini ya kofia, ameketi akila tufaha polepole, akilizungusha kila anapong'ata ili asiache hata kidogo. Alipobaki na kikonyo alikitazama, akakila nacho.

Giza liliingia. Umati ukasogea, fuvu langu likaenda upande, na kwa mara ya kwanza nikaliona jukwaa. Nikamwona mwanafunzi wa shule ya msingi. Kaptura, tai, kofia ya shule, na gitaa, akikimbia huku na huku kama aliyefukuzwa na mwalimu wa zamu. Kwa miaka mingi hili ndilo nililoogopa kulisimulia, nikidhani ndilo nililoota, maana nani atakuamini? Mpwa wangu aliponionyesha kwenye simu nilipiga goti kwa mkono: ndiye! Angus Young wa AC/DC, mtu mzima wa miaka thelathini na kitu wakati ule, na sare ile ndiyo nguo yake ya kazi. Basi ukweli nilikuwa nauficha na uongo nautundika ukutani.

Sasa mizinga.

AC/DC wana wimbo wa kufungia unaopigiwa mizinga jukwaani. Si ya kuua. Ni mlio, moshi na mwanga. Warusi walijua, walikuwa wanaisubiri. Mimi sikujua. Na mimi mwaka 1979 nilikuwa na miaka kumi na mmoja, vita vya kumwondoa Amin vilipopita huku Tororo, na baba alikuwa ametufundisha sisi watoto jambo moja tu, akaturudisha tulifanye kila jioni kama sala: ukisikia mzinga, lala kifudifudi, ziba masikio, fungua mdomo wazi, usije ukapasuka ngoma za masikio.

Mzinga wa kwanza ulipolia, mimi sikuamua kitu. Mwili ulikwenda wenyewe. Nikajikuta chini, shavu kwenye tope na makaratasi ya aiskrimu, vidole masikioni, mdomo wazi. Wa pili. Wa tatu. Watu juu yangu wanashangilia, buti zinapita. Nilifumbua macho, na usawa wa macho yangu, umbali wa mkono mmoja, nikaona uso wa yule kuruta wa tufaha. Naye yuko chini. Mdomo wazi.

Tulitazamana. Hakuna aliyecheka.

Huyo kuruta sina hakika naye. Nasema wazi. Tangu mambo ya Ozzy yanifike simwamini mtu yeyote aliyemo kichwani mwangu, na huyu ni mzuri mno, amekaa mahali pake mno. Huenda tufaha niliona kweli na uso nikauongeza kwenye malwa. Mpwa wangu alitafuta. Kamera zilikuwa zinatazama mizinga, hakuna aliyekuwa akipiga picha za ardhini.

Lakini sweta ya kijani nina hakika nayo. Mkono ulinishika kwapani, wa kushoto, ukanivuta juu kwa nguvu, na sauti ikanipigia kelele sikioni: "Inuka wewe, utakanyagwa!" Kwa Kiswahili, Mhariri. Katikati ya Tushino. Ndiyo maana miaka yote hii niliamini ni Mtanga wangu. Nani mwingine angenifokea kwa Kiswahili mahali pale? Nilipoinuka kiatu cha kulia kilibaki kwenye tope, na umati ukatutenganisha kabla sijamtazama usoni. Daftari nalo lilikwenda. Nilirudi bwenini kwa metro, mguu mmoja na soksi, watu wakinipisha kiti. Mluzi ulinilia masikioni siku tatu, na Jumatatu yake nilikwenda darasani na raba za mpira.

Kabla sijafunga, nimjibu na jirani yangu wa kanisani aliyeisoma barua ya Agosti akaniuliza inakuwaje mzee mzima nimlilie mtu wa shetani. Nilimjibu kwa habari ninayowapa vijana wa karakana ninaowafundisha siku mbili kwa wiki, somo la kwanza kabisa, kabla hawajagusa mashine ya kukata mabati. Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath, alikuwa kijana wa miaka 17 kiwandani Birmingham, kazi yake mabati, siku yake ya mwisho kazini, mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Naye hupiga gitaa kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo vidole vile ndivyo vya kubonyezea nyuzi. Aliyeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akaja kuzilegeza nyuzi ili zisimuumize, na mlio ukashuka chini, ukawa mzito. Sehemu kubwa ya uzito wa muziki huu imetoka kwenye ajali ya kiwandani. Vijana wangu hunyamaza hapo, kila mmoja anatazama vidole vyake, ndipo nawasha mashine. Jirani naye alinyamaza, kisha akasema hata hivyo kelele ni kelele. Hilo sikumbishia.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. La kwanza, masahihisho haya msiyaweke kule chini karibu na matangazo ya viwanja, kwa herufi za mchwa. Yapeni ukubwa ule ule wa barua ya Agosti. Mke wangu amenikataza kukiondoa kile kipande ukutani; anataka hiki nikibandike kando yake, na ukuta una nafasi ya saizi moja.

La pili ni kwako uliyevaa sweta ya kijani. Uwe Mkenya, Mtanzania, Mrundi au Mganda mwenzangu. Ulikuwa Tushino tarehe 28 Septemba 1991, usiku, upande ambao askari walikuwa wengi, ukamwinua kijana mfupi mweusi aliyelala mdomo wazi. Niandikie kupitia kwa mhariri. Usinitumie maelezo ya onyesho, hayo tayari yako kwenye simu. Niambie tu kama kulikuwa na askari pale chini karibu yangu. Na kama kwa bahati ulikiona kiatu: cheusi, cha kamba, mguu wa kulia, kimepigwa rangi asubuhi ile.

Wako,

Mstaafu wa Pampu za Maji,
Tororo, Uganda